Mama Dobi na Mji Uliosaga Kuta Zake

Katika mji ule, ukitaka kujua mwanamume anaishi vipi, usimuulize yeye. Muulize anayemfulia. Mwenyewe atakwambia ana shimo lenye mwamba mnene kama paja la ng'ombe, ana washirika wa mbali wanaompigia simu kila asubuhi, na mwakani utamsikia. Suruali yake itakwambia kwamba jana alilala kwenye benchi la kilabu, na kwamba kitako chake kimetoboka mara mbili na kushonwa mara moja.

Mama Dobi alikuwa amezisoma suruali za mji ule kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Vitu vingine hakuvisoma sana. Shule aliiacha mapema, baba yake alipoanza kukohoa. Lakini aliujua udongo mwekundu wa mashimo, ambao hautoki mpaka nguo ilowekwe na kusuguliwa jiweni. Aliujua mchanga mweusi wa mashine za kusagia mawe, wenye harufu ya dizeli. Alilijua doa la bia, la damu, na la mafuta ya nywele za mwanamke asiyekuwa mke. Hakumwambia mtu. "Mimi nafua nguo, sifui ndoa," alikuwa akisema, kisha akaipiga suruali jiweni kana kwamba mwenyewe yumo ndani.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, vyumba viwili na ukumbi mwembamba, na uani palikuwa na kamba za kuanikia zilizovuka huku na huku kiasi kwamba mgeni alilazimika kuinama kama anayemsalimia mfalme. Kuta zake zilikuwa za kijivu. Nyumba zote za zamani za mji ule zilikuwa za kijivu, na ukijivu huo ndio historia yote ya mahali pale kwa mtu asiye na muda.

Mwenye muda aelezwe hivi. Zamani palikuwa na malisho na njia ya mbuzi. Ikaja kampuni ya kwanza, na reli, na bendera, na mabwana wenye kofia, ikauchimba mlima kuanzia utosini mpaka kitovuni. Mabwana wakajijengea nyumba zenye varanda, na kengele ya kuwaamsha watu wengine. Mawe yalitolewa chini, yakasagwa, yakakamuliwa, dhahabu ikaondoka kwa treni chini ya bunduki, na mchanga uliobaki ukamwagwa kando ya mji mpaka ukawa mlima wa pili. Dhahabu ilipoanza kuadimika, kampuni iliondoka. Iling'oa hata reli, ikaenda nayo. Kilichobaki ni bomba la moshi, na ule mlima wa mchanga wa kijivu ambao haukuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo watu wa mji walipoamua kwamba nao wamepata. Walichanganya mchanga ule na udongo wa mfinyanzi na chokaa kidogo, wakafyatua matofali, wakajenga. Walijenga nyumba, majiko, vyoo, shule na ofisi ya serikali. Baba yake Mama Dobi alikuwa msukuma vigari ndani ya handaki. Kampuni ilimwachia vitu viwili, mchanga na kikohozi. Mchanga aliujengea nyumba, na kikohozi kikamtoa ndani yake. Alipokuwa mgonjwa alikuwa akiupiga ukuta kwa kiganja na kusema, "Huu hawawezi kuupakia kwenye treni." Mzee wa watu hakujua kwamba treni haitahitajika.

Miaka ikapita, ikaja kampuni ya pili, ya vijana wenye fulana zinazong'aa gizani. Ikazungusha uzio, ikaahidi zahanati, ikaichora zahanati yenyewe kwenye bango kubwa, na watoto wa mji wakakua wakiiangalia ile picha kila walipougua. Kisha kampuni ikafilisika, au ikajifanya kufilisika. Uzio uliibwa kipande kwa kipande ukawa mabanda ya kuku. Bango halikuibwa, hata wezi wana mipaka.

Tangu hapo mji ulikuwa mikononi mwa wenyeji wake, na hilo ndilo lililoumaliza. Kila mwenye sururu alikuwa mkurugenzi. Mwanamume aliyefunga suruali kwa kamba ya katani alikaa barazani asubuhi akizungumzia "mwamba wangu" na "kazi zangu za upande wa mashariki", huku watoto wake wakiombaomba chumvi kwa jirani. Walikuwepo wauza simu, wapangisha vyumba kwa saa, waganga wa mashimo wenye kuelekeza mahali pa kuchimba kwa kunusa, na mashine tano za kusagia mawe zilizopiga kelele tangu asubuhi hadi jioni, hata watu wa mji wakazoea kuzungumza kwa kupayuka kama wagomvi. Mtu akipata kidogo, mji mzima ulijua kabla hajanawa mikono. Maskini akipata matako hulia mbwata, na pale kwao walilia mbwata hata walipoota tu kwamba wamepata.

Mume wa Mama Dobi aliitwa Tumekaribia. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini hakuna aliyelikumbuka. Mwaka alipomwoa Mama Dobi alimwambia wachimbe shimo moja tu, tumekaribia, kisha watahama. Binti yao alipozaliwa alisema tumekaribia. Alipoanza kuota meno, alipoingia shule, alipomaliza, alipoolewa na dereva wa lori, mzee alikuwa bado amekaribia. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakulewa sana, alikuwa na sauti nzuri ya kuomba radhi. Ila nyumba ile ilikula kwa mikono ya mkewe iliyochubuka kwa sabuni, na yeye aliamini kwa moyo safi kwamba ndiye anayeilisha, kwa kuwa chakula cha kweli kilikuwa njiani.

Basi, mwaka huo kilianguka choo cha kinyozi.

Kilikuwa choo cha zamani cha matofali ya kijivu. Ukuta mmoja ulilala chini kwa uchovu wake wenyewe. Kinyozi, kwa kukosa wateja, akachukua kipande, akakiponda, akakiosha kwenye karai kwa mzaha, kama mtu anavyojaribu kofia ya mwenzake. Chini ya karai zikabaki chembe mbili tatu zinazong'aa. Kampuni ya kwanza, kumbe, haikukamua vizuri. Mchanga wake ulikuwa bado na masalio, nao mji mzima ulikuwa umejengwa kwa mchanga huo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakufikiria mji ambao watu wangeutafuta ufa kwa tochi ili wapate kisingizio cha kubomoa ukuta. Vyoo vilikwenda kwanza. Wiki haikuisha, mji ukawa hauna choo kimoja kilichosimama, na wanaume wazima, wakurugenzi wote wale, wakawa wanajisitiri nyuma ya shuka walizotundika kwenye vijiti, wakisalimiana kwa heshima juu ya shuka. Yakafuata majiko. Shule ikafungwa kwa ajili ya kile mwalimu mkuu alichokiita ukarabati, naye akaonekana akisukuma toroli. Mlinzi wa ofisi ya serikali aliulinda ukuta wa nyuma wa ofisi mpaka ukaisha.

Aliyewasaidia katika wazimu huo alikuwa mwenye mashine kubwa kuliko zote, mtu mwembamba mwenye kijiti mdomoni muda wote, waliyemwita Bwana Kinu. Huyu alitangaza kwamba atawasagia watu matofali yao bure. Bure kabisa! Mtu alete tofali, lisagwe liwe unga, aoshe, aukande unga kwa zebaki mpaka dhahabu ishikamane nayo, achome, aondoke na chembe yake. Mchanga uliobaki tu ndio auache pale pale uwanjani, maana kuubeba ni taabu.

"Ana roho nzuri siku hizi," watu walisema.

"Bwana Kinu?" Mama Dobi aliuliza. "Yule akikusalimia anaangalia kama salamu itarudi na faida."

"Wewe nawe, Mama Dobi, kila mtu una lake la kumsema."

"Simsemi. Namfulia."

Katikati ya hayo binti yake akarudi nyumbani. Mumewe alikuwa safarini na lori, mimba ya kwanza ilikuwa imeiva, na chumba chake cha kupanga huko alikoolewa kilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. "Nataka kuzalia kwako, mama," alisema, akatua begi lake. Mama Dobi alimpa chumba cha ndani, chenye kitanda kikubwa na kabati, na tangu siku ile usingizi wake ukawa wa kuku: jicho moja limefumba, jingine linahesabu pumzi za binti. Miguu yake ikivimba, mama aliiona kabla yake. Akikohoa, mama alisimama. Na kila asubuhi alitoka uani akaangalia mawingu, maana msimu wa mvua ulikuwa umekaribia kweli, bila utani, na upande wa mlima tayari palikuwa peusi.

Siku hiyo hiyo ya kwanza alimwita mumewe ukumbini.

"Baba yake, nisikilize. Mji wote umechanganyikiwa, na wewe nakujua. Nyumba hii usiiguse."

"Mimi? Nyumba ya mkwe wangu, Mungu amrehemu?"

"Apa."

"Mke wangu, mambo ya kuapa tena..."

"Apa kwa huyo aliye ndani, na huyo aliye ndani yake."

Tumekaribia alinyoosha kidole juu, akaapa kwamba hatavunja hata tofali moja la nyumba ile. Aliapa vizuri, kwa sauti yenye machozi. Binti yake akamwambia, "Ahsante, baba." Mama Dobi hakushukuru, alikuwa akiangalia kucha za mumewe.

Wiki ile nguo zilikuwa nyingi. Bwana Kinu mwenyewe alileta furushi: suti nyeupe, mashati, na suruali zote nzuri alizokuwa nazo. "Nataka ziwake, dada yangu," alisema. "Kuna wageni wangu wanakuja kesho na gari, wakubwa hao, wanakuja kuutazama mchanga wangu. Wanataka kununua wote."

"Mchanga upi?"

"Haya mabaki. Wana dawa zao za kukamulia, wanajua wenyewe." Akakihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo, akaona amesema sana, akaaga.

Mama Dobi akaziloweka nguo zake. Akaendelea na za watu wengine, na mwisho, kama kawaida, akafikia za nyumbani. Akaichukua suruali ya mumewe, akageuza mifuko nje ili asifue uchafu pamoja na nguo. Mkono wake ukasimama.

Mume alikuwa akiaga kila asubuhi kwamba anakwenda shimoni. Shimo lake lilikuwa kwenye udongo mwekundu. Suruali zake kwa miaka yote zilikuwa nyekundu kama kidonda. Mifuko hii ilikuwa na vumbi la kijivu. Akaangalia mapindo ya chini, na hapo pia palikuwa na ukijivu. Akausugua kati ya vidole. Alikuwa ameegemea mchanga ule tangu alipojifunza kusimama, asingeweza kuukosea.

Akaingia ndani na suruali mkononi. Tumekaribia alikuwa amekaa ukumbini akinywa chai.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Shimoni. Na safari hii, mke wangu, nakwambia..."

"Usiniambie. Huko shimoni siku hizi mnachimba kijivu?"

Akauangalia mfuko uliogeuzwa. "Hilo? Labda ni unga."

"Unga. Haya, ulambe."

Hakuulamba. Aliangalia chai yake, kisha mlango, kisha, bila kukusudia, akauangalia mlango wa chumba cha ndani. Mama Dobi akaufuata mtazamo wake kama mtu anayefuata kuku aliyeficha mayai. Akaingia chumbani. Binti alikuwa amejilaza kitandani.

"Shuka mwanangu, polepole. Kaa kwenye kiti."

"Kuna nini?"

"Kuna baba yako."

Akaliweka bega kwenye kabati, akalisukuma. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa umeliwa ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Umekwanguliwa kwa patasi, kwa uangalifu, kutoka usawa wa goti mpaka juu ya kichwa, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kazi safi. Maisha yake yote mtu yule hakuwahi kufanya kazi safi namna ile. Mama Dobi akaugusa kwa kidole, kidole kikapita, na mwanga wa nje ukaingia chumbani mwembamba kama sindano.

Binti akainama pale kwenye kiti, akachungulia. "Mama," alisema, "namwona jogoo wa jirani."

Tumekaribia alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Uliapa," mkewe alisema.

"Niliapa sitavunja." Sauti ile ya machozi ilikuwa imeanza. "Na sijavunja, mke wangu. Nimekwangua tu. Nyuma ya kabati, pasipoonekana, binti yetu akiwa nje anapunga upepo."

"Hata jino bovu halionekani mpaka mtu acheke. Mtoto wako atazalia wapi? Kwenye uwazi, jogoo akiwa mkunga?"

"Nilitaka kumpa mjukuu zawadi."

"Umepata nini?"

Akajipapasa mfuko wa shati, akatoa karatasi ya sigara iliyokunjwa, akaikunjua polepole kama anayefunua kaburi la mtume. Katikati palikuwa na chembe ya ukubwa wa yai la chawa. Ukuta mzima wa marehemu baba mkwe, mchanga wa handaki na mapafu ya mtu, ulikuwa umeingia kwenye mashine ya Bwana Kinu na kutoka yai la chawa.

Mama Dobi aliitazama. Kisha akapuliza.

"Ee!" Tumekaribia alianguka magotini akaanza kupapasa sakafu.

"Simama," mkewe alisema. "Chukua toroli. Tunakwenda."

Ngurumo ilisikika mlimani, moja tu, kama mtu anayejaribu ngoma. Binti alishika kiuno akasema si kitu, ni mgongo tu. Mama Dobi aliwajua wanawake wanaosema ni mgongo tu. Akamwita mkunga wa nyumba ya tatu aje akae naye, akajifunga nguo kiunoni, akatoka, na mumewe nyuma yake na toroli tupu lililolia kwa kutu.

Uwanjani kwa Bwana Kinu palikuwa na foleni. Wanaume walisimama na matoroli yaliyojaa matofali, wanawake na ndoo, na mwalimu mkuu alikuwa wa pili kutoka mbele. Upande mmoja lilikuwepo lundo la matofali yanayosubiri kusagwa. Upande wa pili, kilima kipya cha mchanga uliokwisha kukandwa, kikubwa kuliko nyumba. Bwana Kinu alikuwa amevaa bukta na ndala.

"Aa, Mama Dobi! Nguo zangu tayari?"

"Nguo zako zimo kwenye maji ya sabuni. Na zitakaa humo. Nimekuja kuchukua ukuta wangu."

Foleni ikageuka. Hata aliyekuwa akiilisha mashine akaizima, kwa kuwa ugomvi wa bure ni bora kuliko kusagiwa bure.

"Dada yangu, ukuta wa mume wako umeshakuwa unga. Ule pale. Nenda uchote."

"Unga uliokandwa kwa zebaki nikaujengee chumba cha mtoto mchanga? Nataka matofali. Yale mazima."

"Yale ni ya wenyewe!"

"Na langu lilikuwa la nani?"

"Aliyelileta ni mumeo, kwa toroli lake, kwa hiari yake." Akamgeukia Tumekaribia. "Au uongo, shemeji?"

Tumekaribia alikuwa ametazama gurudumu la toroli kana kwamba lina maandishi.

"Haya," alisema Mama Dobi. "Basi kesho wageni wako wakishuka kwenye gari uwapokee na hiyo bukta. Imekukaa vizuri. Ina tundu, lakini hawatakuwa nyuma yako muda wote."

Foleni ilicheka. Bwana Kinu alicheka pia, kidogo, kisha akaacha.

"Wageni gani?" mtu mmoja aliuliza.

"Si wanakuja kununua mchanga huu mnaomwachia," alisema Mama Dobi, na sasa akawageukia wote, na sauti yake ikapanda. "Nyinyi mnadhani anawasagia bure kwa kuwapenda? Mnaondoka na yai la chawa, kuku mnamwachia! Wana dawa ya kukamua kilichobaki. Mnabomoa nyumba zenu kwa mikono yenu, mnamletea mlangoni, na ahsante mnampa nyinyi!"

Mwalimu mkuu akaangalia kilima cha mchanga, akamwangalia Bwana Kinu, akakuna kidevu.

"Mchanga wa barabara huo," alisema Bwana Kinu. "Wanajenga barabara."

"Aa," foleni ilisema, na mabega yote yakashuka kwa faraja. "Barabara."

"Barabara gani?" Mama Dobi alipiga kelele. "Mmewahi kuona barabara mji huu?"

Walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa. Mwanamke mwenye ndoo alimwambia mwenzake, "Wivu, dada, ni ugonjwa. Mumewe hakupata kitu." Kisha kila mmoja akasukuma toroli lake mbele hatua moja, maana nafasi ilikuwa imeachwa wazi.

Mama Dobi aliwapa mgongo. Alikuwa amekuja kwa ajili ya ukuta, si kwa ajili ya mji. Akamsogelea Bwana Kinu karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Suti nyeupe ikilala kwenye sabuni usiku kucha inageuka rangi ya meno. Mimi najua. Wewe hujui."

Bwana Kinu akakitafuna kijiti chake. Akaangalia mawingu. Akaangalia bukta yake.

"Chukua haraka," alisema. "Na usichague."

Alichagua. Alikigeuza kila kipande, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alipata vipande vya ofisi ya serikali vyenye rangi ya kijani, vipande vya jiko la mtu vyenye masizi, na tofali moja kubwa la shule lenye nusu ya jedwali la kuzidisha lililochorwa kwa rangi. Kimoja alikinusa, akakirudisha. Wakajaza toroli, wakaenda, wakarudi, wakajaza tena. Njia nzima walipishana na watu wanaosukuma matoroli yaliyojaa kuelekea kwenye mashine, na Tumekaribia peke yake alikuwa anatoka mashineni na toroli lililojaa. Vijana walimpigia miluzi.

"Mzee, umepotea njia! Huko ni nyumbani!"

Alijikaza akainamisha kichwa. Jasho lilimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, likamtoka kwa kitu chenye umbo.

Waliliangusha gamba jembamba la ukuta lililobaki, Mama Dobi akakanda udongo kwa miguu yake mwenyewe, mumewe akapanga, wakaujaza ule uwazi kutoka nje, kipande juu ya kipande, kijani juu ya masizi, saba mara nane juu ya kijani. Ulikuwa ukuta mbaya. Ulivimba katikati kama mtu aliyeshiba peke yake. Lakini mwanga ulizibwa, na jogoo akafichika. Alipomaliza alinawa, akazisuuza nguo za Bwana Kinu, akamkamulia na kumpelekea zikiwa mbichi, maana makubaliano ni makubaliano, ingawa hakuahidi kupiga pasi.

Akiwa njiani kurudi tone la kwanza lilimpiga kwenye mkono. Lilikuwa zito, la uvuguvugu. Alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu binti yake alipokuwa mdogo.

Mlangoni alimsikia binti akiguna kwa meno, na mkunga akisema, "Hivyo hivyo, usisukume bado, pumua." Mvua ilishuka yote kwa pamoja, kama beseni lililomwagwa. Mama Dobi hakuingia chumbani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaukuta ukuta mpya ukilia tope. Maji yalikuwa yakiosha viungo, na tofali la shule lilikuwa limeanza kuteleza, polepole, kama mlevi anayeshuka kitini.

"Baba yake!"

Tumekaribia alitoka mbio akiwa na shuka kichwani.

"Leta bati la banda la kuku! Upesi!"

Alilileta. Waliliegemeza ukutani, upepo ukalinyakua, wakalishika tena.

"Geuka," alisema mkewe. "Weka mgongo. Miguu mbele, jikaze kwenye hilo jiwe la kufulia. Hapo."

"Mpaka lini?"

"Umeshawahi kuniuliza swali hilo mimi?"

Akaegemea. Mvua ikampiga usoni kwa mkono wazi. Bati lilimgonga kisogoni kila upepo ulipovuma, na nyuma ya bati aliuhisi ukuta ukipumua. Kutoka upande wa soko ulisikika mshindo, kisha vumbi lililolowa likanuka, na watu wakapiga kelele: nyumba ya kinyozi ilikuwa imekwenda. Ukafuata mwingine. Familia zilikimbia na magodoro vichwani kwenda kujibanza chini ya paa la mashine ya Bwana Kinu, ambalo lilikuwa pana na imara na, kama kila kitu chake, la bure. Hata katika mvua ile mtu mmoja alipita akisukuma toroli la matofali yaliyotoka kuanguka, akicheka kwamba leo hakuhitaji sururu.

Mama Dobi aliingia ndani. Alimshika binti yake kwa nyuma, kwapani, akamwegemeza kifuani. Kila bati lilipogonga, macho yake yalikwenda ukutani, kwenye mstari wa tope mbichi uliokuwa uking'aa, na kila binti alipopiga kelele, yalirudi. Hakujua ni kipi anachokizuia kwa mikono yake. Alimlaani mumewe moyoni kwa kila neno alilolijua, kisha akamwomba Mungu ampe mgongo.

Mvua ilikuwa bado haijakatika mtoto alipolia. Alikuwa wa kike, mwenye hasira, ngumi zimefumbwa.

"Mashallah, ana mapafu," alisema mkunga.

Mama Dobi alilisikia neno hilo la mapafu, akageuza uso pembeni kidogo. Kisha akamfuta mtoto, akamfunga, akamlaza kando ya mama yake, upande wa ule ukuta mpya, kwa kuwa upande mwingine paa lilivuja.

Kutoka nje, karibu kabisa, ilisikika sauti ya mtu aliyelowa mpaka mifupani. "Mke wangu! Ni nini huyo?"

"Ni msichana."

"Niache nije nimwone!"

Mama Dobi alinyoosha mkono juu ya mtoto, akaweka kidole kwenye tope, kati ya kipande cha kijani na kile chenye masizi. Akabonyeza. Kidole kikazama mpaka kwenye kucha.

"Bado mbichi," alisema, mdomo ukiwa karibu na ukuta ili asikie vizuri. "Amelala upande wako huo. Egemea."